Kwa Kopo la Nani?

Pale Mwitongo, Butiama, wamezikwa baba na mwanawe ambao wangeulizwa maisha ya mafanikio ni yapi wasingetoa jibu moja. Baba, Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki, alifariki mwaka 1942 akiwa ameoa wake 22. Mwana, Julius Kambarage, alioa mke mmoja mwaka 1953, akaongoza nchi mpaka 1985, kisha akarudi kijijini kulima. Kwa hesabu za kizazi cha baba, mji wa nyumba moja ni mji uliodumaa. Kwa hesabu za shule na kanisa vilivyomlea mwana, wake 22 si sifa hata kidogo. Lakini sijamsikia mtu wa Butiama akisema kwamba mmoja wao alishindwa maisha.

Swali lenyewe mkoani Mara haliishi. Liko mialoni Musoma, liko kwenye vikao vya mahari kijana anapotajiwa ng'ombe, liko msibani watu wanapohesabu magari yaliyoegeshwa. Nimeamua kuligawia sauti nne. Sikuzipa majina kwa kuwa si za mtu mmoja mmoja. Kila moja imebeba maneno ya wengi wa namna yake. Yupo mwalimu mstaafu wa Butiama. Yupo tajiri wa mitumbwi wa Musoma, na ieleweke kwamba mwaloni kila mwenye mtumbwi huitwa tajiri, hata awe anadaiwa petroli ya wiki tatu. Yupo mama mkulima wa Bunda. Yupo na kijana anayechimba dhahabu Buhemba. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

TAJIRI: Nianze mimi, maana jioni nina watu wa kulipa. Mwalimu, shikamoo.

MWALIMU: Marahaba. Haya, tupe.

TAJIRI: Sina maneno mengi. Aliyefanikiwa ni yule ambaye watu wanakula kupitia kwake. Nina mitumbwi mitano ya dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa hatuingii ziwani, kwa sababu dagaa hawafuati taa kukiwa na mbalamwezi. Siku hizo ndizo za hesabu. Tunatoa petroli, tunatoa chakula cha kambini, tunatoa matengenezo ya nyavu, kinachobaki tunagawana, nusu yangu na nusu ya wavuvi. Siku ya hesabu njoo nyumbani kwangu uone. Huyu anataka ada ya mtoto, yule mkewe kajifungua, mwingine simu imeangukia majini anataka nimkopeshe nyingine. Hawaendi kwa mwenyekiti wa mtaa, wanakuja kwangu. Nikifa leo, gari la maiti litakosa pa kupita.

KIJANA: Watajaa kudai, mzee.

TAJIRI: Na wadai! Anayedaiwa ana kitu. Umeona wapi fukara akadaiwa?

MAMA: Nimeona mimi. Wale wa mikopo ya kausha damu hawaendi kwa wenye magari. Kila Jumatatu wako mlangoni kwa muuza nyanya.

MWALIMU: Chifu Burito angekuelewa, tajiri. Hata yeye mji wake ulipimwa kwa vinywa vilivyokula humo. Ila hilo la msiba lina hadithi yake. Wagiriki wa kale wanasimulia kwamba Croesus, mfalme aliyekuwa na dhahabu kuliko wote, alimwuliza mwenye hekima aitwaye Solon ni nani mwenye heri zaidi duniani, akitegemea kutajwa yeye. Solon akamtajia watu wa kawaida ambao walikuwa wameshakufa, wamekufa vizuri, hesabu zao zimefungwa. Croesus alikasirika. Baadaye alishindwa vita, ufalme wote ukamtoka.

TAJIRI: Kwa hiyo nisubiri nife ndipo nijue?

MWALIMU: Hapana, hapo namkatalia Solon. Nataka unijibu ukiwa hai. Ulipoanza kazi hii ulikuwa unataka mitumbwi mingapi?

TAJIRI: Mmoja. Enzi zile za sangara, viwanda vya minofu vinanunua mpaka vinaomba tuongeze, nilijiambia nikipata mtumbwi mmoja na injini yake na nyumba ya bati, nimemaliza. Nikapata. Mwaka 1999 Ulaya wakafunga milango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za sumu. Bei ikalala, na mimi nikalala nayo. Nikaona kumbe mtumbwi mmoja ni kukaa uchi. Nikaongeza wa pili. Baadaye sangara wakaanza kuwa haba, kazi ikawa kuwatafuta wale wenye mabondo mazuri, nikahamia dagaa. Mwaka 2018 ikaja Operesheni Sangara, nyavu zikachomwa moto mialoni. Nikaona hata miwili ni uchi.

MWALIMU: Sasa ni mitano. Umefanikiwa?

TAJIRI: Bado napambana.

Jibu hilo nimelisikia hata kwa watu wenye ghorofa. Huenda ni unyenyekevu, huenda ni ujanja wa kuwakwepa wakopaji, lakini nadhani mara nyingi ni ukweli mtupu. Kila mara tajiri huyu alipofikia alichokitaka, jambo la mbali, uamuzi wa Ulaya au operesheni kutoka wizarani, lilimwonyesha kwamba alichonacho hakitoshi. Ningekuwa yeye ningeongeza mtumbwi pia. Sijui tu kama ningeyaita hayo mafanikio au hofu yenye injini.

KIJANA: Mzee anapambana na mitano, mimi napambana na koleo. Kwetu Buhemba mafanikio yana sura moja tu, kutoboa. Unashuka kwenye duara alfajiri, unapanda jioni, mawe yanajazwa kwenye mifuko. Mifuko inagawanywa. Mwenye shamba ana yake, mwenye duara ana yake, aliyegharamia chakula na baruti ana yake, ndipo tunafikiwa sisi tuliochimba. Mgao wangu naupeleka karasha, unasagwa, unaoshwa kwa zebaki. Kuna wiki unaondoka na hela ya soda. Lakini yupo jamaa tuliyekuwa naye duara moja. Siku moja walikamata mwamba, na wiki hiyohiyo akanunua pikipiki mbili na kiwanja Musoma mjini. Huyo katoboa. Hakutuzidi akili wala bidii. Mwamba ulipita kwake.

MWALIMU: Basi hayo si mafanikio, mwanangu. Hiyo ni bahati.

KIJANA: Na wewe ualimu uliupataje, Mwalimu? Haikuwa bahati?

MWALIMU: Ilikuwa, sikatai. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapo Musoma, ikaamua watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa ifikapo 1977. Mpango wa awali ulisema 1989. Miaka 12 ilikatwa kwenye kikao kimoja! Walimu wangetoka wapi? Wakatuchukua sisi tuliomaliza darasa la saba, tukajifunza ualimu huku tunafundisha. Asubuhi nasimama mbele ya watoto 80, jioni nakaa chini kuwa mwanafunzi. Tukaitwa walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na halikuwa jina la sifa. Mpaka leo mtu akikosea herufi anaambiwa amesoma UPE. Kwa hiyo ndiyo, niliingia kwa bahati ya mwaka niliozaliwa. Lakini baada ya kuingia nilikaa na chaki zaidi ya miaka 40, na huko bahati haikunishikia fimbo.

Niseme kidogo hapa. Watu wa Arusha wanalitaja azimio lao kama mtu anavyotaja ukoo wake. Musoma hawalitaji sana lao, ingawa ndilo lililoingia katika nyumba nyingi zaidi. Azimio la Musoma, ndio uamuzi ule wa 1974, lilimtoa mtoto nyuma ya ng'ombe likamkalisha kwenye dawati, au kwenye tofali pale dawati lilipokosekana. Lilitoa elimu nyingi na nyepesi, na wapo wanaosema bora ingekuwa kidogo na nzito. Mimi naona anayesema hivyo kwa kawaida ni mtu ambaye yeye mwenyewe angepata nafasi kwa vyovyote.

KIJANA: Sawa, miaka 40. Umetoka na nini?

MWALIMU: Nyumba ya vyumba vinne, ng'ombe watatu, na kiinua mgongo kilichonikuta kabla ya kikokotoo cha pensheni cha 2022. Kwa hilo la kikokotoo namshukuru Mungu kila siku. Lakini usiniulize nimetoka na nini, niulize nimetoka na nani. Nenda zahanati, muuguzi alisoma kwangu. Nenda ofisi ya kata, mtendaji alisoma kwangu. Hata huyo anayekuuzia vocha.

KIJANA: Na mimi nilisoma kwako.

MWALIMU: Na wewe.

KIJANA: Nimo shimoni.

Kwa mwalimu sidhani kuna pigo zito kuliko hilo. Mwalimu anayejipima kwa wanafunzi wake hana ruhusa ya kuchagua wale walioajiriwa na kuwasahau walioshuka duarani. Akimhesabu muuguzi, amhesabu na mchimbaji.

MWALIMU: Nakuhesabu. Sikusema wote mlifika nilikotaka mfike. Ila nikuulize, ukienda soko la madini, nani anakusomea mizani?

KIJANA: Najisomea mwenyewe.

MWALIMU: Na bei ya siku?

KIJANA: Naiangalia kwenye simu kabla sijatoka nyumbani.

MWALIMU: Babu yako alipeleka pamba gulioni akaambiwa kilo zake na karani, akashukuru, akaondoka. Sikukutoa shimoni, mwanangu. Nilikutoa mikononi mwa karani. Ni kidogo, lakini ndicho nilichoweza.

MAMA: Mmetaja mizani, nami nina neno. Kabla sijarudi shambani niliuza dagaa stendi ya Bunda. Pale tunapima kwa kopo. Kopo zima kila mtu analijua. Lipo na lile lililobonyezwa kitako kwa ndani. Ukilijaza linafurika mpaka dagaa wanadondoka, mteja anafurahi kumbe chini hamna kitu. Na mwenye kopo hilo lazima awe nayo mawili, zima la kununulia na bovu la kuuzia. Nawasikiliza nyinyi wanaume na naona kila mmoja amekuja na kopo la nyumbani kwake. Tajiri anapima vinywa, kwa sababu vinywa anavyo. Mwalimu anapima wanafunzi. Huyu mtoto anapima mwamba, naye ameukosa, basi analia. Nani kati yenu ameleta kopo ambalo akilijaza au asipolijaza sote tutaona?

MWALIMU: Mama, yupo mmoja wa hapahapa kwetu aliyeliweka kopo lake barabarani. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga kwenda JKT, wakalalamikia na mishahara ya wakubwa. Nyerere aliwafukuza wale vijana, lakini akakata na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yaliandikwa, yakasomwa redioni, mkulima wa Butiama akajua mkubwa wake apimwe kwa nini. Mwaka 1985 akang'atuka akiwa na nguvu zake. Mwaka 2005 Kanisa likamwita Mtumishi wa Mungu. Mimi nikitafuta maisha ya mafanikio siendi mbali.

KIJANA: Mwalimu, nakuheshimu, lakini usinipimie kwa mtu yule. Kuishi kwa kiasi wakati Serikali inalinda mlango wako si sawa na kuishi kwa kiasi huna mlango. Ile nyumba kubwa ya Mwitongo alijengewa na Jeshi. Alipougua alitibiwa London, hospitali ya St Thomas', na ndiko alikofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Hospitali ya Kwangwa iliyopewa jina lake, hapo Musoma, ujenzi ulianza miaka ya 1970 ukasuasua karibu miaka 40. Mimi nikikataa nyumba ya kupangisha hakuna atakayeniandika kitabuni. Nitakuwa maskini tu kama nilivyokuwa jana.

TAJIRI: Hapo kijana umesema! Kukataa ni kwa aliyeletewa.

MWALIMU: Nyumba ile hakuiomba, na alilala humo muda mfupi tu.

KIJANA: Sisemi aliiomba. Nasema kopo lake ni la watu walioletewa. Sisi tusioletewa tupimwe kwa lipi?

MAMA: Mimi simpimi kwa nyumba. Nampima kwa pamba. Baba yangu alikuwa mwanachama wa ushirika, ana kadi yake, anaitunza kwenye sanduku pamoja na cheti cha ubatizo. Mwaka 1976 ushirika ukavunjwa, pamba ikawa ya kuuzia Mamlaka ya Pamba. Baba alipeleka pamba, akasubiri hela. Msimu uliofuata akapeleka, akasubiri tena. Mwisho akang'oa, akapanda mihogo, maana mhogo haukupi stakabadhi. Nasikia Mwalimu Nyerere alikuja kukiri kwamba kuvunja ushirika ilikuwa makosa.

MWALIMU: Alikiri. Ushirika na serikali za mitaa, vyote viwili. Alisema angeanza upya asingevivunja. Na alisema hayo kabla hajaondoka madarakani, hakungoja uzee.

MAMA: Ndiyo. Lakini baba alikuwa ameshang'oa.

Sasa ni zamu yangu, maana hapa ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo. Kijana ana haki, na mama ana haki zaidi. Kiasi cha Mwalimu Nyerere si kitu cha kumpa mchimba duara kama somo. Tena kwa kopo alilolichagua mwenyewe, la kuushinda ujinga, maradhi na umaskini, hakulijaza. Ujinga aliupiga vibaya, hilo hata wapinzani wake wanakubali. Maradhi kiasi. Umaskini alituachia, na katika miaka yake ya mwisho madarakani watu walipanga foleni ya sabuni. Vijiji vya ujamaa navyo viliwahamisha watu wengi ambao hawakuomba kuhama. Mtu wa namna hiyo tukisema alifanikiwa, tuseme alifanikiwa kwa lipi.

Mimi nasema alifanikiwa kwa jambo moja ambalo watu wanalipita haraka wakikimbilia habari za kaptula na jembe. Alitangaza kipimo kabla ya mavuno, akakiacha pale pale, na mavuno yalipokuwa haba hakukibonyeza kitako. Alisimama akasema hapa na hapa tumekosea. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, ikalegeza masharti yale ya Arusha. Kiongozi akaruhusiwa hisa, nyumba za kupangisha na zaidi ya mshahara mmoja. Huenda ilibidi. Wengi walikuwa wameshajenga kwa majina ya wake na shemeji zao, na unafiki nao unachosha. Siwalaumu kwa kutaka nyumba. Nawalaumu kwa kuwa waliapa wakati wa kupanda na kufuta kiapo wakati wa kuvuna, na wengi wao waliendelea kuwahimiza wakulima wa Bunda wajitolee kama zamani. Hayo ndiyo makopo mawili aliyoyasema mama.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba vipimo hubadilika, na kubadilika si dhambi. Ni kweli. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulianza kupima maendeleo ya nchi kwa umri wa kuishi na elimu pamoja na pato, si kwa pato peke yake kama ilivyozoeleka. Hilo lilikuwa badiliko la haki, kwa sababu lilitangazwa, lilielezwa, na tajiri na maskini walipimwa kwa kipimo kilekile. Tatizo langu ni mtu anayebadili chini ya meza. Hapo tajiri wetu wa Musoma yuko salama kuliko wanasiasa, maana yeye hakuahidi mtu kitu. Lakini naye ana shida yake. Hana kopo kabisa. Atajuaje siku lilipojaa?

TAJIRI: Nimekusikia, mwandishi. Mama naye katupima wote hapa. Yeye mwenyewe tumpime kwa lipi?

MAMA: Mimi nilikuwa Nyatwali. Mnapajua, upande huu Serengeti, upande ule ziwa, katikati sisi. Tembo akitaka maji njia yake ni shambani kwako, na hapiti bila kuonja. Serikali ikaamua hifadhi ifike ziwani, tukafanyiwa tathmini, tukaambiwa tutalipwa fidia tuhame. Walihesabu kila kitu. Mwembe wa mbele, mwembe wa nyuma, choo, vyumba, makaburi. Unasimama unamwangalia kijana wa watu mwenye karatasi anaandika kaburi la mume wako kwenye mstari mmoja na migomba. Hakuwa na ubaya, alikuwa anafanya kazi yake. Aliniuliza jina la marehemu, nikamtajia herufi moja moja.

MWALIMU: Pole, mama.

MAMA: Nimeshapoa. Shemeji zangu wakasema fidia iandikwe jina la ukoo, mwanamke hana ardhi. Nikawaambia sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema mwanamke ana haki sawasawa na mwanaume, na huyo mjane mnayemsema ndiye aliyelima miaka yote hiyo. Walinuna. Jina langu likasomwa, mimi mwenyewe, majina matatu. Nimejenga Bunda mjini, vyumba vitatu vya tofali, umeme upo. Watu wakipita wanasema mama umefanikiwa. Mimi nawaambia hapana, nimehamishwa. Nyumba nzuri si kosa, lakini sikuwahi kuipanga. Mimi nilichopanga nilikipanga siku ya arobaini ya mume wangu, mtoto wa mwisho akiwa mgongoni. Nilisema mbele ya mama mkwe wangu na wanawake wa kikoba kwamba watoto wangu wanne wamalize kidato cha nne, na nisiende kwa mtu kuomba chumvi. Basi. Chumvi sijaomba. Watatu wamemaliza. Wa nne yuko kidato cha tatu.

KIJANA: Akimaliza je?

MAMA: Nitakuwa nimemaliza. Nikiendelea kuishi, hiyo ni nyongeza.

TAJIRI: Hutafungua hata duka, mama? Una nyumba mjini, chumba kimoja unatoboa dirisha barabarani, unaweka friji ya soda...

MAMA: Nikifungua nitafungua kwa raha zangu. Hutanikuta usiku nimekaa nahesabu nilichopungukiwa.

KIJANA: Mama, wewe ulipata la kusema siku ya arobaini. Mimi nani anisikilize? Kambini ukisema unataka nini wanakucheka.

MAMA: Sema hapa. Huku kutoboa kwako ni shilingi ngapi?

KIJANA: Kutoboa hakuna bei, mama.

MAMA: Kila kitu kina bei, hata mwembe wangu ulikuwa nayo. Taja.

KIJANA: Milioni 30. Nanunua karasha langu, napokea mawe ya wenzangu, sishuki tena chini.

TAJIRI: Karasha bila ghala, bila mtaji wa kununulia marudio? Weka 50.

MAMA: Wewe nyamaza, una mitumbwi mitano na hujui unataka nini. Ni 30. Mwalimu, andika.

MWALIMU: Nimeandika. Tarehe?

KIJANA: Tarehe acha wazi, Mwalimu.

MWALIMU: Nilipokufundisha, aliyeacha wazi alipata ngapi?

KIJANA: Sifuri. Haya, weka Desemba ya mwakani. Lakini andika kwa penseli.